Magugu Yaliyotoka Ubundu

Niliondoka kwa sababu ya mitego yetu. Uasi uliotukimbiza ulikuwa umetulia, tumerudi maporomokoni kwetu Wagenia, hapa Kisangani, na badala ya samaki vikapu vyetu vya kutegea vilijaa magugu maji. Zamani za Wabelgiji meli zilipita zikiyanyunyizia dawa. Baada ya uhuru na vita, nani angenyunyiza? Kaka yangu Losala alisema uzito ukizidi kamba zinakatika, na mtego mmoja ulikuwa umeshakwenda na maji. Ingekwenda yote, tungekula mawe.

Asubuhi nilivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wetu, hadi Lubunga, nikapanda treni ya Ubundu, juu ya mto, magugu yanakotoka. Sipendi treni, inanitikisa hadi chai inapanda kooni. Njiani askari walitushusha kutazama vitambulisho, na mmoja alinicheka niliposema nakwenda kugombana na majani.

Jioni nilifika kwa Tonton Asumani, aliyemwoa shangazi yangu. Tulikula pondu ya majani ya mihogo, kisha akanipeleka mtoni. Lo! Ukingo mzima ulikuwa kijani, na wavuvi waliyang'oa magugu na kuyasukuma kwa fito katikati ya mkondo. Nilikasirika, sifichi. Tonton akanieleza kwamba chini ya majani yale maji yanakuwa meusi, samaki wanakufa, na nyavu hazina pa kuzama.

"Maji inabeba, inakwisha," akasema.

"Haikwishi, tonton. Inafika kwetu."

Alikuwa hajawahi kuona maporomoko yetu. Nikamsimulia habari za kamba na mtego uliopotea, naye akauliza kwanza kama Losala ni mzima.

Kesho yake Tonton aliwaambia wavuvi wenzake, nasi sote tuliyavuta magugu hadi nchi kavu. Kazi nzito, jamani! Mgongo uliniuma mpaka nikajuta kuja. Lakini yalipokauka shangazi aliyachoma, akamwaga majivu kwenye mihogo yake, na wavuvi wakakubali kuendelea hivyo.

Niliporudi Kisangani nilifurahi mno, nikaenda moja kwa moja maporomokoni. Losala alikuwa juu ya magogo tunayofungia mitego, anachomoa magugu kikapuni na kuyatupa nyuma yake, majini, kama tulivyofanya sote kila siku bila kufikiri.

"Yaya, chini yetu mtoni kunakaa nani?" nikamwuliza kaka.

"Walokele. Unajua muzuri."

"Nao iko na nyavu."

Alichomoa gugu jingine, maji yakimtiririka mkononi. Kisha akalirusha miguuni pangu, juu ya jiwe.

"Bon," akasema. "Beba sasa."

Nikabeba.