Ufunguo wa Jiko la Kanisa

Mezani kwetu ugenini, mtaani Whitehall, binti yangu alinisomea historia ya shule: mfalme wa kale wa ukoo wa Kinormani aling'ang'ania kumkabidhi askofu fimbo ya uaskofu, kanisa likisema hiyo si kazi ya mfalme. Askofu mmoja alikunja ngumi asiipokee, watu wakajaribu kumfumbua vidole kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata, akina mama walinichagua kusimamia jiko la kanisa. Mchungaji akataka kunikabidhi ufunguo yeye. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi akaunyakua, eti ni haki yake. Wakavutana mbele ya waumini, kila mmoja akiniambia, "Mama, nyoosha mkono!"

Nikakunja ngumi.

"Walionichagua wamekaa pale nyuma. Wapeni wao ufunguo, wanikabidhi wao. La sivyo, leo kila mtu akale kwake."