Marumaru za Barazani kwa Mama Ndelilio

Sirili ni fundi marumaru. Kwao ni Kibosho, lakini anakaa Njoro, Moshi mjini. Kazi yake ni safi, hilo hata wasiompenda wanakubali, na wasiompenda ni wengi kwa sababu ana mdomo. Miaka ishirini na moja ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu imemfundisha kudharau. Anawadharau waliojenga majumba kijijani yakalala popo miezi kumi na moja, wenyewe wakingojewa Desemba. Anazidharau sebule ambazo wenye nyumba wenyewe hawathubutu kukaa. Zaidi ya wote anamdharau mteja anayeinama juu ya marumaru, akajitazama kama bibi harusi kwenye kioo, halafu akauliza, "Hakuna zinazong'aa zaidi ya hizi?"

"Zipo," Sirili humjibu. "Dirisha lako. Ling'oe ulilaze chini."

Ufundi aliusomea chuoni. Mwalimu wao mmoja, mama aliyeitwa Theopista, siku moja aliazima hadubini akaweka chini yake kipande cha marumaru, wakapanga foleni kuchungulia. Mgongo wa kile kipande ulikuwa mashimo na makorongo matupu. "Humo ndimo simenti inamoingiza vidole," alisema mwalimu. Kisha akakigeuza. Usoni palikuwa na kioo kilichochomwa tanuruni, na hata hadubini haikuona pa kushika. "Doa halishiki hapa, ndiyo maana mnapapenda. Lakini mguu nao ni kitu kama doa. Mwagia maji, mguu haugusi tena sakafu, umepanda juu ya maji." Wenzake walicheka. Sirili aliandika kwenye daftari.

Kwa hiyo hana kisingizio.

Kazi ya Machame aliipata miaka mitatu iliyopita. Mzee Isack na mkewe, Mama Ndelilio, walikuwa wakiishi na binti yao Evelyn, anayefuga ng'ombe wa maziwa. Mtoto wao wa kiume, Godlove, yuko Dar. Bati la jikoni lilivuja, mama akawa anapika huku beseni likikinga matone pembeni yake. Godlove hakutuma bati. Jikoni nani atapaona? Alituma marumaru nyeupe zenye mishipa ya kijivu, ziwekwe barazani, mahali ambapo kila apitaye barabarani angegeuza shingo.

Baraza lenyewe lilikuwa wazi, na ngazi tatu mbele. Ukungu wa mlimani peke yake ulitosha kulilowesha kila asubuhi. Sirili akampigia Godlove simu.

"Kaka, hizi ni za ndani. Huku nje panataka zenye mikwaruzo. Wazee watateleza."

"Za mikwaruzo zinawekwa vyoo vya stendi," alisema Godlove. "Fundi, nimekuita uweke au unishauri?"

Sirili akaweka. Akaweka vizuri mno, maana hajui kuweka vibaya. Alipomaliza, Mama Ndelilio alitoka na kikombe cha chai akasimama mlangoni, miguu mitupu, anaogopa kukanyaga.

"Panapendeza kama kanisani, baba," alimwambia. "Sasa mimi na matope yangu nitapita wapi?"

"Pita hapa hapa, mama," alijibu Sirili, akakusanya vifaa vyake.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua zilipokolea, Mama Ndelilio alitoka asubuhi na ndoo ya maganda ya ndizi kuwapelekea ng'ombe. Mguu ukaondoka. Nyonga ikavunjika. Alilala hospitali, akarudishwa kulala nyumbani, na mwezi wa saba akafa. Godlove alikuja kuzika na maturubai, mpiga picha na wapishi waliovaa sare. Waombolezaji wakapanda barazani kutoa pole, na wengine, wakiwa wamesimama palepale alipoangukia marehemu, wakasifia sakafu.

Habari hizo Sirili alizipata Novemba, Evelyn alipompigia. Godlove anataka kaburi la mama lipambwe kabla ya ibada ya kuweka msalaba.

"Amekutaka wewe hasa," alisema Evelyn. "Anasema ile kazi ya barazani watu wanaisifu mpaka leo."

"Mama aliugua nini?"

"Alianguka."

"Alianguka wapi?"

"Hapo hapo barazani, kaka Sirili."

Sirili alipanda Machame kesho yake. Chini ya migomba, kando ya kaburi, yalipangwa maboksi ya marumaru nyeusi zinazong'aa kama viatu vya afande. Barazani Evelyn alikuwa ametandaza magunia ya kukanyagia, ambayo kaka yake alimwagiza ayaondoe kila akija na wageni, kwa sababu yanamwaibisha. Mzee Isack alikuwa amekaa ndani, kiti kimesogezwa dirishani.

"Shikamoo, meku," alisema Sirili, akimwita kama wazee wanavyoitwa huko.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetuwekea kioo."

"Ndimi."

"Kioo kizuri," alisema mzee bila kumtazama. "Mimi sitoki tena. Tangu vuli ianze, ng'ombe nawaonea dirishani."

Sirili aligeuka mlangoni, akayatazama magunia ya barazani. Kisha akauliza, "Meku, nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu. Nani kakwambia vingine?"

"Basi naomba ruhusa ya kuvunja baraza."

Mzee akageuka sasa, akamkagua fundi toka utosini hadi kwenye buti. "Vunja," alisema.

Ilimchukua siku mbili. Marumaru zilikataa kutoka, kila moja ikang'ang'ania simenti kwa mgongo wake mpaka ikapasuka vipande, na vipande vikamkata viganja. Kila alipopiga patasi alijitukana: fundi hodari, mjinga hodari. Siku ya tatu alimwaga sakafu ya simenti, na kabla haijakauka akaiburuzia fagio gumu ili ibaki na mistari ya kushika nyayo. Kando ya ngazi akasimika bomba la chuma la kujishikia, alilochongesha Bomang'ombe.

Godlove aliwasili Desemba mwanzoni, siku Sirili alipokuja kuchukua vifaa vyake. Alishuka kwenye gari akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Hiki ni nini?"

"Sakafu," alisema Sirili.

"Mimi naona zizi! Wageni wangu wanatoka Dar, mchungaji anakuja, unaniwekea zizi mlangoni?"

"Mama yako alikufa kwa zile ulizotuma."

"Mama alikufa kwa uzee!"

"Asubuhi ile huo uzee alikuwa nao, na bado alibeba ndoo mwenyewe. Zilizomwangusha ni zile marumaru zako."

"Na nani aliziweka?" Godlove alimsogelea. "Si mkono wako huo?"

"Mkono wangu. Nilijua, nikaweka. Tulimtelezesha wawili, Godlove. Ila mimi siendi kulipaka kaburi lake poda ili watu wasiulize."

"Toka kwenye kiwanja cha baba yangu."

Wakati huo mlango ukafunguka. Mzee Isack alitoka na kandambili zake, akalishika bomba, akazishuka ngazi zote tatu bila kushikwa mkono, akapita katikati yao kama wapitavyo watu katikati ya kuku, akaenda kwa ng'ombe. Evelyn alifunika mdomo kwa kanga. Godlove akatoa simu yake akaanza kutafuta fundi mwingine.

Alimpata. Kaburi liliwekwa marumaru nyeusi, na siku ya ibada lilipigwa picha nyingi kuliko msalaba. Wageni walipokanyaga baraza lenye mistari, Godlove aliwaeleza kwamba bado liko kwenye matengenezo.

Mjini habari zikaenea kwamba Sirili amerukwa na akili, anavunja marumaru za watu. Mwenye nyumba ya wageni mmoja akamnyang'anya kazi. Sirili alicheka kwa pua tu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Evelyn alimtumia mkungu wa ndizi na dumu la maziwa kwa basi la asubuhi. "Baba anasema ahsante," alisema kwenye simu. Sirili alikata simu akaenda stendi kuupokea mzigo. Mkewe, Stella, akapika mtori wa zile ndizi, naye Sirili akaula bakuli baada ya bakuli, kichwa kimeinama, kama mtu anayetumikia adhabu.

"Chumvi imekolea?" Stella akamuuliza.

"Kula," alisema Sirili.