Meza ya Mama Pindo

Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyemshinda kukunja pindo la gauni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Macho yalipoanza kukataa tundu la sindano hakulia. Aliuza cherehani kwa bei nzuri, akanunua kalamu ya chuma yenye kigurudumu kichwani, ile ya kukwaruzia kioo kabla ya kukivunja, akaanza kutengeneza picha za vioo vya rangi. Vipande vya kioo ni vikubwa kuliko tundu la sindano, alisema, na havihitaji kupigwa pasi.

Vifaa alivipata kwa miguu na mdomo. Kioo cha bluu chenye mawimbi kilitoka kwenye makabati ya duka lililobomolewa. Cha rangi ya asali kwenye mlango wa bafu la watu waliohama. Kioo chenye ufa alikinunua kwa bei ya ufa, ingawa alijua fika atakikata pale pale penye ufa. Utepe mwembamba wa shaba wa kuzungushia kila kipande, na lehemu ya kuviunganisha, aliviagiza kwa fundi redio. Vyote vilikaa juu ya meza moja, chumba cha nyuma, nyumbani kwa binti yake.

Binti alikuwa muuguzi, na mtoto wake ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa. Jumatatu moja muuguzi alimfumbua mwanawe ngumi akakuta kipande cha kioo cha kijani. Hakukuwa na damu. Hilo halikumtuliza.

"Mama, hiyo lehemu yako ina madini ya risasi, ni sumu, na sakafu ina vioo. Mtoto anaokota kila kitu."

"Nafagia mara mbili kwa siku."

"Najua. Na bado kaokota. Jumamosi niko zamu ya mchana. Nikirudi nisiikute hiyo meza."

Mama Pindo alitafuta pa kubishania, akakosa. Binti alikuwa na haki, na mwenye haki huwezi kumshusha bei. Kilichobaki ni kutafuta pengine pa kufanyia kazi, la sivyo vioo vyote viende jalalani na yeye akae barazani kuhesabu wapita njia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa fundi vioo wa mtaani, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye juu ya mlango wa karakana yake palikuwa na kidirisha kilichozibwa kwa boksi la sabuni.

"Fundi, huoni haya? Unauza vioo na mwenyewe unajifunika boksi."

"Mama Pindo, daktari naye huumwa."

"Nitakuwekea picha ya vioo hapo. Wewe nipe ile kona yenye meza, kila asubuhi."

Fundi alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Hobi yako iingie karakana ya watu wazima? Haya. Ikikaa sawasawa kwenye tundu langu ifikapo Ijumaa, kona ni yako. Isipokaa, tusisumbuane tena."

Alipima mwenyewe tundu lile kwa futi yake ya kushonea, mara tatu. Akachora ndege wa bluu kwenye karatasi, mpaka wa rangi ya asali ukimzunguka, akakata vipande ishirini na saba. Na hapo mkono ukamsaliti. Kila alipofuata mstari wa penseli, kalamu ilipita nje yake kidogo, unene wa uzi tu, kama mkasi wake ulivyozoea kuachia nafasi ya mshono. Kitambaa kikishonwa hupungua. Kioo kikizungushiwa utepe na kulehemiwa huongezeka.

Ijumaa asubuhi boksi lilitolewa na picha ikapanda hadi juu ya mlango. Kwa urefu iliingia kwa kubanwabanwa. Kwa upana iligoma, imezidi kwa kidole kizima.

"Umeushonea mlango wangu koti la mtu mwingine," fundi akasema. Hata mteja aliyekuwa akisubiri kioo cha meza alicheka.

"Ijumaa haijaisha," Mama Pindo akajibu. "Niazime umeme."

Fundi aliinama karibu na picha. "Ukate tu ubavu huu mmoja, yaishe."

"Ndege akae pembeni kama mtu anayesubiri basi? Gauni nalipunguza pande zote mbili."

Alichomeka chuma cha kulehemu, akayeyusha mshono wa pembeni kulia na kushoto, akatoa vipande vinne virefu vya rangi ya asali, viwili kila upande. Kila kimoja kilitakiwa kupungua nusu kidole, na akiba ya rangi ile ilikuwa imebaki vumbi. Cha kwanza alikikwaruza, akakishika kwa koleo, kikakatika safi. Cha pili pia. Cha tatu, cha chini kulia, kilipasuka katikati, kwa mshazari.

Fundi alishusha pumzi. "Pole, mama." Safari hii hakuwa anatania.

Mama Pindo alikitazama kile kipande jinsi alivyowahi kutazama mkono wa gauni la harusi uliochanika saa moja kabla ya sherehe. Kisha akakipunguza cha nne, pacha wake wa kushoto, kikatoka kizima, akakiweka sambamba na kile kilichopasuka, akakikata makusudi kwa mshazari ule ule, ukielekea upande wa pili.

"Unafanya nini, mwanamke!"

"Ukichanika mkono mmoja, unatia mshono mikono yote miwili. Watu wanauita mtindo."

Saa saba mchana picha iliingia kwenye tundu bila kusukumwa. Mishono miwili ya mshazari ilielekeana chini ya ndege kama matawi aliyotua. Mteja wa kioo cha meza, ambaye kioo chake kilikuwa tayari zamani, aliuliza kama inauzwa.

Fundi alijikuna shingo. "Kona ni yako. Ila utafagia karakana."

"Nitafagia kona yangu."

"Na mlangoni."

"Mlangoni unakanyaga wewe na wateja wako. Kona yangu, fundi. Na hilo boksi nipe, nihamishie vioo vyangu leo hii."

Fundi alikwenda kulichukua boksi.