Uwanja wa Nne Ulivyowafukuza Wachezaji wa Mfaranyaki

Saa nane mchana, Jumamosi, umeme umerudi Mfaranyaki, mjini Songea, baada ya mgao wa tangu asubuhi. Lidwina Mbawala anaifuta CD kwa ncha ya kanga, anaipuliza, anaifuta tena. Mlangoni wamesimama wanaume kumi na moja, watu wazima na ndevu zao, wanachungulia kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Lidwina, mwenye miaka 38, ni mwendeshaji wa banda la gemu. Ana televisheni moja, mashine moja, pedi mbili za kuchezea na mabenchi matatu. Akishindwa leo kuwarudisha hawa wanaume kwenye mabenchi, Jumatatu anamkabidhi mwenye nyumba ufunguo na kurudi Madaba kulima mahindi.

Zamani alikuwa fundi cherehani. Soko lilipofunguliwa na mitumba ikaingia Songea kwa marobota, kazi ikafa. "Suruali ya Ulaya inauzwa bei ya kitambaa. Nani aje kwangu nimpime kiuno?" anauliza. Mwaka 2001 akauza cherehani zote mbili, akanunua mashine ya gemu na mchezo mmoja wa mpira ambao mjini hapa wanauita "Uwanja".

Uwanja wa Kwanza ulipendwa. Wa Pili ukapendwa zaidi. Wa Tatu ndio uliolijaza banda, kwa sababu ulimruhusu mtu kubadilisha majina ya wachezaji. Lidwina akawafuta Wazungu wote.

Mahali pao akaandika wateja wake, herufi moja moja kwa kubonyeza pedi. Sheria alitunga mwenyewe: ukimfunga mtani wako mara tatu, unaandikwa. Ukitukana, unafutwa hadharani, na kurudi ni lazima uombe radhi mbele ya mabenchi yote. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, kwa hiyo timu ya Mfaranyaki na timu ya Iringa, kwao Wahehe, hazikukosa watazamaji.

"Mimi uwanja wa kweli sijawahi kufunga hata penati," anasema Kajetani, mwashi wa nyumba. "Humo ndani nina mabao mia na kumi. Watoto wangu wanayajua."

Siku nzuri Lidwina alipata shilingi elfu sita, kwa shilingi mia kila mechi. Ndipo ukaja Uwanja wa Nne.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Jalada lake lilimeremeta, na mwuzaji wa Dar es Salaam aliapa kwamba hata jasho la wachezaji linaonekana. Ili kuongezea bei, Lidwina akauza Uwanja wa Tatu kwa mzee Daimu, mfanyabiashara wa Namtumbo aliyekuwa anafungua banda lake msimu wa tumbaku. Wateja aliwatuliza: majina yamo kwenye kadi ya kumbukumbu, yatahamia mchezo mpya kama watu wanavyohama nyumba.

Hayakuhama. Uwanja wa Nne haukuruhusu kubadilisha jina hata moja. Jasho lilionekana kweli, lakini lilikuwa jasho la wageni. Kila mechi ilichelewa kufunguka mpaka mtu anapiga miayo, na ukifunga bao unalazimishwa kulitazama mara tatu.

"Nilicheza siku mbili nikaacha," anasema Mwalimu Saimon, Mhehe aliyehamishiwa hapa kikazi. "Nimfunge mtu nisiyemjua, halafu nimtanie nani?"

Mapato yakashuka mpaka elfu moja kwa siku, na kodi ya chumba ni elfu thelathini kwa mwezi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lidwina anakiri kwamba aliikumbuka methali hiyo akiwa amechelewa, na kwamba alilia.

Alhamisi akapanda lori la mizigo hadi Namtumbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Vumbi lote hilo, kwema?"

Alimweleza kila kitu, hakuficha hata ujinga wake. Mzee Daimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka taratibu. "Vijana wangu kila siku wanalia wanataka mpya. Lete yako, chukua yako. Lakini kwa sharti: na sisi Namtumbo utuandike humo. Tukijaaliwa tutakuja kuwafunga hukohuko kwenu."

Ndiyo maana leo wanaume kumi na moja wako mlangoni. CD inaingia, mashine inakoroma, picha inatokea. Lidwina anafungua kadi ya kumbukumbu.

Hamna kitu. Wazungu wote wamerudi.

Anabonyeza tena. Hamna. Hapo anakumbuka siku ya kwanza ya Uwanja wa Nne: maandishi ya Kiingereza yalitokea yakiuliza jambo, naye akakubali bila kuelewa, kama alivyozoea kukubali kila swali la mashine hiyo. Mchezo mpya ulikuwa unaomba nafasi kwenye kadi, na nafasi ilikuwa imekaliwa na majina.

"Nimewafuta mimi mwenyewe," anawaambia. "Nisameheni, jamani. Nendeni tu."

Hakuna anayeondoka. Kajetani anavua kofia, anaingia, anakaa benchi la mbele.

"Mama, sheria yako mwenyewe inasema aliyefutwa akiomba radhi anarudishwa. Umetuombea wewe. Sasa andika."

"Mabao yako mia na kumi je?"

"Mia na hamsini," anasema Kajetani bila aibu.

"Mwongo!" anapaza sauti Mwalimu Saimon, akimfuata ndani. "Mngoni hata hesabu anakimbia!"

Banda linalipuka kwa kicheko. Mwandishi wa habari hii naye alisahau daftari lake akacheka. Mabenchi yote matatu yanajaa, waliobaki wanasimama ukutani, na kila mmoja anadai namba aliyokuwa nayo na nyingine nzuri zaidi. Lidwina anaandika herufi moja moja huku anapangusa macho. Akimaliza Mfaranyaki ataandika Iringa, kisha Namtumbo, kwa kuwa ahadi ni deni. Sikukuu ya Pasaka anapanga kuwaalika wa mzee Daimu kwa mashindano ya kwanza ya miji miwili.

Mwuzaji wa Dar ameshatuma salamu kwamba Uwanja wa Tano uko njiani, na picha zake ni balaa.

"Picha sikuuliza," anasema Lidwina bila kuinua macho. "Aniambie kama tutaandikika."

Kisha anamgeukia aliyekaa karibu na mlango. "Kaka, ukipita kwa mwenye nyumba mwambie Jumatatu asisumbuke kuja. Sihami."