Kaeni Kwanza, Niwaambie Habari ya Blogu Hii

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Nilivaa suruali ya marehemu mjomba wangu, imekunjwa kiunoni mara mbili na kufichwa kwa mkanda, na viatu vilivyonibana hata nikatamani kulia. Posta ya Msambweni wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na mizani, na nyuma yake meza ndefu ya kuchambulia barua. Mkuu wa Posta alikuja saa mbili kasoro dakika tano, akanitazama juu hadi chini, akaniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikamjibu najua. "Haya," akasema, "tutaona kama unajua kushuka." Nilidhani ananitania.

Wasomaji wangu, mnaonijua mnajua kwamba sina haraka. Leo nina habari inayohusu blogu hii yenyewe, na si habari ya furaha. Nitaifikia. Ila kwetu habari ya namna hiyo haitupwi mlangoni, kwa hivyo nivumilieni nianze mbali.

Mkuu wa Posta alikuwa mtu wa bara ambaye wazazi wake walipewa shamba huku pwani kwenye skimu ya makazi ya serikali, na Kiswahili chake kilitufanya sisi makarani tutazamane pembeni. Alikuwa akisema barua "iko kwa meza" na muhuri "uko kwa droo". Lakini kazi aliijua. Alinifundisha kubadilisha tarehe kwenye muhuri kila asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu barua yenye tarehe ya jana ni uongo uliopigwa muhuri wa serikali. Alinifundisha kufunga mfuko wa barua kwa kamba na kuupiga lakiri, ule utomvu mwekundu unaoyeyushwa kwa moto ili mtu akiufungua njiani ajulikane. Lakiri iliniunguza vidole wiki nzima na yeye hakunipa pole hata mara moja.

Nyinyi vijana telegramu hamkuziona. Ulikuwa ujumbe mfupi, maneno sita au saba, uliosomwa kwa simu kutoka Mombasa. Karani wetu aliuandika kwenye fomu, akausoma tena herufi kwa herufi ili asikosee jina, kisha mimi nikapewa niupeleke kwa baiskeli. Watu walizitumia kwa jambo lisiloweza kungoja barua, na mara nyingi jambo hilo lilikuwa kifo.

Ya kwanza ilinifikia siku ya tatu. KAKA AMEFARIKI MAZIKO KESHO NJOO. Nilishaweka mguu kwenye pedali Mkuu wa Posta aliposhika tandiko kwa nyuma.

"Unampelekea nani?"

"Mwenyewe, bwana mkuu. Jina lake liko hapa."

"Mwenyewe ni wa mwisho," akasema. "Unashuka baiskeli nyumba mbili kabla. Unatafuta mtu mzima, jirani ama shemeji, unamwambia yeye. Mnaingia pamoja. Mnasalimia, mnaomba maji, mwenye nyumba anakaa chini. Hapo ndiyo karatasi inatoka mfukoni. Karatasi haina mikono ya kumshika mtu akianguka." Kisha akaachia tandiko. "Na hii nilifunzwa na wazee wenu. Leo mimi mtu wa bara ndiye nakufunza wewe Mdigo."

Nikaenda nikafanya hivyo. Mama yule alikuwa akisuka makuti. Jirani yake alikaa naye mkekani, akaomba maji, akamshika mkono, na niliposoma maneno yale mama aliinamia mapaja ya jirani akabaki hapo. Mimi nilishika kikombe mpaka mkono ukafa ganzi. Niliporudi ofisini Mkuu wa Posta alinisogezea kiti.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kinango, na huko nikamkuta Bi Msimamizi, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Kinango ni pakavu, na mwaka wa ukame dumu la maji lilipewa heshima kuliko mgeni. Yeye aliweka dumu moja chini ya kaunta, akaliita maji ya telegramu. Karani hakuruhusiwa kuyagusa hata ulimi ukauke. Ukitoka na ujumbe wa msiba ulijaziwa chupa, kwa sababu ukiomba maji kwenye nyumba isiyo na maji utamtia mwenye nyumba aibu kabla hujamtia huzuni. Siku moja nilikunywa yale maji kwa siri. Alijua, sijui vipi, na mwezi mzima alinisemesha kama mtu anayezungumza na mlango.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Ukunda. Huko palikuwa na kadi za watalii, barua za mahoteli za Kiingereza na Kiswahili, na foleni hadi nje. Kisha zikaja simu za mkononi. Telegramu zikakoma bila mtu kuziaga, barua zikapungua, na mwishowe nilikaa kaunta nikihesabu nzi mmoja mmoja. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba fupi. Mwaka uliofuata mke wangu Mwanasha akafariki, na nyumba ikawa kubwa.

Blogu hii ilizaliwa katika upweke huo, sina haja ya kuficha. Mwenye saiba ya Ukunda, duka la kompyuta za intaneti, alinifungulia, akanionyesha pa kubonyeza, na kwa miaka kumi na mitatu nimeandika humu. Niliandika kisima kipi kimekauka Kinango, nani ameoa Mkwiro, bei ya mpunga, daraja lililochukuliwa na maji. Mlinisoma mkiwa Mombasa, Nairobi na zaidi Uarabuni, mkanitumia salamu, mkanigombeza nilipokosea ukoo wa mtu. Asubuhi nilikuwa nikifungua kuona nani ameandika kabla sijanywa chai. Mlikuwa watu wa nyumba yangu.

Na niliandika taazia. Mnajua kwamba hizo ndizo mlizozisoma kuliko zote. Nilijivunia kuziandika vizuri, na nilijivunia zaidi kuwahi. Mtu akifa Lungalunga asubuhi, mchana jina lake lilikuwa humu pamoja na picha yake. Sifa za kuwahi zilinilevya.

Sasa niwaeleze kilichotokea. Rafiki yangu Mzee Bakari wa Jego, mkulima wa mpunga, alifariki asubuhi ya Alhamisi moja. Saa mbili mdogo wake alinipigia kunijulisha kwamba maziko ni baada ya sala ya alasiri. Nilikaa nikaandika nikilia. Niliandika jinsi Bakari alivyokuwa akija posta kutuma barua moja na kukaa saa tatu, na jinsi alivyomsomesha binti yake Mwanakombo kwa magunia ya mpunga. Nikaweka picha yake akiwa amevaa kofia ya Idi. Ni taazia nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaibonyeza iende, nikafunga safari ya Jego.

Mwanakombo alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya watu Uarabuni. Kwamba alikuwa huko nilijua. Sikuuliza kama ameambiwa. Mdogo wake Bakari hakunikanya nisiandike, na hakuwa na haja ya kunikanya, maana alikuwa akizungumza na mtu wa posta.

Tulipokwisha kuzika ndipo nikasikia wakipanga. Kulikuwa na mama mmoja wa Vanga anayeishi mji uleule. Angekwenda kwa Mwanakombo kesho yake Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akae naye, amwambie polepole. Nilitoa simu mfukoni nikiwa bado na mchanga mikononi. Chini ya taazia yangu palikuwa na salamu nyingi za rambirambi, na katikati yake maneno haya, yameandikwa tangu adhuhuri: "Ami, huyu ni baba yangu?"

Alikuwa amepiga simu nyumbani na hakuna aliyepokea, kwa sababu wote walikuwa katika pilikapilika za msiba. Kwa hivyo aliniuliza mimi. Nami nilikuwa kwenye gari naangalia mashamba. Nilimpa mdogo wake Bakari ile simu, na namna alivyonitazama sitaisahau. Hakunitukana. Alisogea pembeni akampigia mtoto, nami nikamsikia akisema "kaa chini, mama, kaa chini" kwa mtu aliyekwisha kuanguka saa nne zilizopita.

Mwanakombo alirudi baada ya miezi minane. Alikuja kwangu na shangazi yake, akanipa shikamoo, akaketi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Alinitangulia yeye.

"Nilikuwa namlisha bibi wa nyumba ile," akasema. "Nilisoma mpaka mwisho, ami. Uliandika vizuri. Lakini hapakuwa na mtu wa kunishika. Yule bibi hajui lugha yetu, aliniita tu kwa jina, mara nyingi."

Nikamwambia nitaifuta blogu yote, isibaki hata herufi. Alitikisa kichwa. "Usimfute baba. Sina mahali pengine ambapo ameandikwa. Wewe acha tu kupeleka."

Nimelifikiria neno lake mwaka mzima. Baadhi yenu niliowadokeza mliniambia nichelewe siku moja tu kila taazia, au niandike habari za mpunga peke yake. Nilijaribu. Lakini kila nilipobonyeza nilijiuliza ni nani anafungua sasa hivi na amekaa na nani, na sikuwa na njia ya kujua. Miaka yote ile nilishuka baiskeli nyumba mbili kabla, kisha uzeeni nikapita wima mpaka ndani ya nyumba za watu. Mkuu wa Posta alifariki zamani. Kama angekuwa hai nisingeweza kumtazama.

Kwa hivyo habari yenyewe ni hii. Blogu inafungwa leo. Yaliyoandikwa yatabaki, Mzee Bakari atabaki na kofia yake, ila hakitaongezwa kitu. Ukitaka kujua habari za nyumbani mpigie mtu anayekupenda, na ukiona simu yake inaita saa si zake, kaa kabla ya kupokea. Kama uko peke yako unaposoma hapa na moyo umekuwa mzito, mwite aliye karibu. Mimi wangu ni mzito sana. Nimewapoteza watu wengi kwa mara moja na sikuwahi kuwaona nyuso.

Nimeandika haya barazani kwangu tangu asubuhi. Sikutaka kukibonyeza kile kitufe cha mwisho nikiwa peke yangu, na sikujua nimwite nani, maana wanangu wako mbali na Mwanasha hayupo. Jana Mwanakombo aliposikia alisema atakuja. Amekuja na gari la kwanza kutoka Jego. Alinisalimia, akaingia ndani mwenyewe, akatoka na kikombe cha maji, akaketi mkekani karibu na kiti changu.

"Kunywa kwanza, ami," amesema.

Nimekunywa.