Siku Niliyotafsiri Selile

Haya ya siku ile haijaniisha, na mpaka leo nikikutana na Mama Riziki hapa Baraka naangalia chini kwanza. Mimi muuza vitambaa, Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini Jumapili ile pasta alipouliza nani atamtafsiria mugeni nikasimama (kwaya nzima ilikuwa inaniangalia, mungefanya nini?). Mugeni alikuwa daktari wa utafiti; baba yake mutu wa Lweba, yeye kazaliwa Ulaya, Kiswahili hana, na tulimuomba atuambie kazi yake.

Akaanza na selile. Neno hilo nililijua la kasho tu, chumba cha kufungia watu, basi sikuuliza, nikadhani anasema juu ya bafungwa, nikaenda nalo. “Anasema mufungwa, hata kama alisha komaa, anaweza rudishwa vile alikuwaka ku mwanzo.” Daktari akaendelea kwamba kwanza selile inabadilisha namna ya kula, inaacha kuchoma chakula polepole kwa hewa, inakula sukari mbiyo mbiyo, bila hiyo hairudi. Mimi nikasema, “Bafungwa bapewe sukari mingi, tena mapema.”

Hapo Mama Riziki akasimama. Mutoto wake Amisi alikuwa amefungwa Fizi juu ya ugomvi wa shamba.

“Umuulize,” akasema, “bote banarudi?”

Nikauliza. Daktari akatikisa kichwa: chache tu, nyingi zinakufa.

Na mimi, jamani, nikatafsiri hivyo hivyo. “Bachache tu. Bengi banakufa.”

Mama akaenda chini, bamama wenzake wakamushika, na daktari akaniuliza nimemwambia nini. Nilipomweleza akafumba macho, kisha akavuta ngozi ya mkono wake, akasema selile ni vipande vidogo sana vinavyojenga mwili, jicho halivioni, na wao wanajifunza kuvirudisha kwenye utoto wao ili siku moja vitengeneze kiungo kilichoharibika. Ikabidi niyaseme hayo upya mbele ya watu wote. Vijana wakacheka. Mama Riziki hakucheka.

“Basi ya Amisi hakusema kitu?”

“Hakusema kitu, mama.”

“Ungesema tu kama haujue, mwanangu.”

Amisi alitoka kabla ya mavuno, muzima, na ananisalimia vizuri kuliko ninavyostahili. Kutafsiri sijarudia, na sitarudia, maana neno nisilolijua nilikaribia kumuzika nalo mutoto wa mutu angali anapumua.