Alinipeleka leba kwa pikipiki yake, kisha akaniandikia "hayupo" jumuiyani

Wakuu, nyegera waitu. Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na shahidi mwenyewe yuko mapajani ananivuta nywele.

Mimi ni mama wa miaka 23, form four, naishi kijijini huku Muleba. Hasira zangu ziko karibu, sifichi.

Parokiani kwetu mzazi akikosa jumuiya, ile sala ya majirani ya kila wiki, mara nne kwa mwaka, mtoto wake habatizwi mpaka awamu ijayo. Mara tatu nilikosa kweli. Uvivu, na mimba ilinitesa. Sijitetei.

Ya nne ndiyo iliyonileta hapa.

Ilikuwa Jumamosi, jumuiya saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu uchungu ukanishika. Mume wangu yuko mgodini Geita. Jirani mwenye pikipiki ni nani? Katekista.

Alinibeba bila kuuliza swali, hilo nitamshukuru mpaka nife. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara utelezi mtupu. Yeye anasali rozari kwa sauti, mimi naitikia kwa mayowe.

Saa tano nikajifungua dume.

Miezi minne baadaye nikaenda kuandikisha ubatizo. Gauni jeupe nimeshanunua Miembeni. Mume kapewa ruhusa ya Jumapili ya ubatizo tu. Mama mkwe anatoka Rubafu na mkungu wake wa ndizi.

Katekista akafungua daftari la mahudhurio.

"Umekosa mara nne."

"Ya nne si nilikuwa najifungua!"

"Udhuru wa uzazi unaanza ukishajifungua. Jumuiya ilikuwa saa moja, mtoto kazaliwa saa tano. Saa moja ulikuwa bado hujawa mzazi."

Wakuu!

"Katekista, si wewe ulinipeleka?"

"Nakumbuka sana. Lakini sheria ni sheria, binti."

Niliondoka kabla sijasema la kwenda kuungama. Nikampigia shemeji yangu, karani wa mahakama ya mwanzo. Alicheka mpaka nikamkasirikia na yeye.

"Shemeji, hiyo inaitwa legalism. Mtu kang'ang'ania maneno ya sheria kama kupe, ile sababu ya sheria kutungwa kaisahau. Hata huku kwetu wapo. Usigombane naye. Omba daftari, ulisome lote, siyo mstari wako tu."

Kesho yake nikarudi, mtoto mgongoni, nikiwa na Mama Adventina, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Nikaomba daftari. Nikasoma kwa kidole, Jumamosi ile ile.

Jina langu: hayupo.

Nikashuka. Nikashuka tena. Jina la katekista: yupo.

"Katekista, jumuiya hii ulikuwepo?"

"Mimi nilikuwa kwenye utume."

"Na mimi niliyekuwa nyuma yako nilikuwa naenda wapi? Harusini?"

Mama Adventina ilibidi akae chini kwa kicheko. "Yee tata! Ama mlikosa wote, ama mlikuwepo wote. Chagua!"

Katekista akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaangalia daftari. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Mzee anacheka!

Akachukua kalamu, akakata herufi mbili tu: "ha". Ikabaki "yupo".

"Basi," akasema, "njiani tulikuwa tunasali. Nayo ni jumuiya. Tulikuwa wawili."

"Watatu," nikamwambia.

Jumapili Mugisha wangu akabatizwa. Maji yalipomgusa alipiga kelele kama mama yake siku ile ya pikipiki, kanisa zima likacheka. Baba yake alimshika kama anashika yai. Mama mkwe alicheza mpaka kitenge kikamdondoka. Na katekista? Alikula ndizi na senene sahani mbili, akaomba na ya kufungashiwa.

Nilichojifunza: sheria siichukii tena, maana ni daftari lile lile lililonitoa. Shida ni mtu anayesoma mstari unaombana mwenzake, wa kwake anauruka. Awe na joho la mahakama au rozari shingoni, ni yule yule.

Hasira bado ninazo kidogo, ila nikimwona anapita na ile pikipiki nampungia mkono wa mtoto.

Haya, leteni zenu. Nani mwingine aliwahi kuandikiwa "hayupo" na huku yupo?